Asiyemaliza Kuanguka

Nilianza fizikia nikiwa na ndevu. Wenzangu duniani huanza na kaptula. Mimi nilianza na ndevu, mke, na mkono wa kulia ulioshona magunia ya ngano mengi kiasi kwamba yangepangwa moja juu ya jingine yangeupita mlima Hanang na kuanza kuwasumbua malaika. Watu husema natia chumvi. Natia, ndiyo. Maharage ya kambi yetu hayakuwa na chumvi, ikabidi kila mtu awe na yake. Lakini hii ya shemeji yangu nimejaribu kuikuza mara nyingi, kilabuni na kwenye harusi, ili watu wacheke, na kila mara imenishinda katikati. Sasa naiandika bila kuikuza, nione kama itafika mwisho.

Tulitoka Bashay tukafuata ngano. Mashamba ya serikali ya Basotu yalikuwa yamefunguliwa, na habari zilizotufikia huko Mbulu zilisema mtu akisimama mwanzo wa shamba, trekta analoliona upande wa pili tayari liko kesho. Habari hizo nilizisambaza mimi. Nilipata kazi ya kushona magunia. Mume wa dada yangu, ambaye alinizidi umri na ambaye nilimpa shikamoo yake kila asubuhi bila kukosa, aliwekwa ghalani, na mdogo wake akawekwa naye.

Ghala lenyewe lilikuwa mapipa makubwa ya bati, marefu kuliko mnara wa kanisa. Ngano iliingizwa juu, ikatolewa chini. Ikilala muda mrefu na unyevu ukaipata, hushikana kama mkate. Basi mmoja hupanda ngazi ya nje, akaingia kwa dirisha la juu, akatembea juu ya ngano na mti mrefu akiibomoa. Akimaliza anatoka, na wa chini anafungua mlango ngano imiminike kwenye lori. Wa juu alikuwa mdogo mtu. Wa chini alikuwa shemeji.

Ukifungua chini kabla wa juu hajatoka, ngano huzama katikati na kufanya kitu kama faneli. Aliyesimama juu huona magoti yake yamekwenda. Magoti yakishakwenda, hata umfunge kamba na kumvuta na trekta, utakachokipata ni kamba.

Kwa hiyo tulikuwa na alama. Hatukufundishwa na mtaalamu yeyote. Ilitoka kwenye malezi. Kwetu chakula hakikanyagwi na viatu. Aliyekuwa anaingia ghalani alivua katambuga zake, zile za tairi la gari, akaziacha chini ya ngazi. Katambuga zikiwepo, mtu yumo. Zisipokuwepo, fungua. Shemeji hakuwa na haja ya kuita wala kuinua kichwa. Aliangalia mguu wa ngazi tu, kama mtu anavyoangalia kama mlango wa jirani uko wazi.

Kisha wakubwa wa shamba wakatuonea huruma. Walisema wazi kwamba miguu mitupu ni hatari, na jioni moja kila mtu wa ghala akapewa mabuti ya mpira, na amri kwamba asiingie mtu humo bila mabuti. Amri ilikuwa nzuri. Mpaka leo sijaweza kuionea ubaya. Mdogo mtu alilala na mabuti yake kitandani, nadhani, maana asubuhi alikuja kazini nayo miguuni akitembea kama mkuu wa wilaya, katambuga ameziacha nyumbani. Akapanda ngazi, akaingia.

Dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Shemeji akaangalia mguu wa ngazi, akaona udongo. Akafungua.

Ngano ilitoka, halafu ikaacha kutoka. Akadhani imeshikana. Akaingiza mkono kwenye mlango kuzibua, akashika buti.

*

Waliozaliwa juzi hawajui ukali wa kitu tulichokiita metimani. Katekista wetu alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba mambo hayo yameisha, na sisi tukaitikia amina, kisha tukaenda nyumbani tukayafuata. Kifo cha namna fulani hufunga nyumba. Waliomo hawashikani mikono na watu, hawachoti maji kwenye kisima cha wote, mbuzi wao hawachungwi na mbuzi wa wengine. Wana njia yao. Ukikutana nao unasimama mbali na kusema la kusema kwa sauti. Muda wake wanaupima wazee, na ukiisha, walioko ndani hunyolewa, huoga, moto wa zamani huzimwa, mwingine huwashwa, na wanarudi kuwa watu. Na hiki kilikuwa kifo cha ndugu kwa mkono wa ndugu. Hakuna mzee aliyehitaji kufikiri. Nyumba ya dada yangu ilikuwa ng'ambo ya korongo, peke yake. Ikawa peke yake zaidi. Shemeji aliacha kazi. Dada alikuwa na mtoto mmoja na mimba juu yake. Akajifungua humohumo, bila jirani hata mmoja kuvuka na kibuyu cha maziwa. Nilimwona mpwa wangu mara ya kwanza akiwa ameinuliwa juu na mama yake upande ule wa korongo, kama mtu anayeuza kuku mnadani.

"Anafanana na nani?" dada aliniuliza kwa kupaza sauti.

"Na mimi," nikasema. "Pole sana."

Alicheka. Wakati huo bado alikuwa anacheka.

Sasa darasa. Jioni tulisoma katika shule ya msingi ya kambi, chini ya karabai iliyovuma kama nyuki: madereva wa trekta, mpishi, mhudumu wa zahanati na mimi. Mwalimu alikuwa ameletwa kutoka mikoa ya ziwa, kijana mwembamba, na baridi yetu ilikuwa inamtafuna mchana kutwa na kumtema usiku. Alifundisha amevaa makoti mawili. Shemeji alikuwa mwanafunzi mwenzetu kabla ya msiba. Hesabu alizijua kunizidi. Baada ya msiba nilidhani ameacha. Jioni moja nikamwona nje, ameketi juu ya jiwe hatua kadhaa kutoka dirishani. Dirisha halikuwa na kioo. Tulinong'onezana, tukakubaliana kwamba sauti haishiki mkosi, na kwamba jiwe si mali ya mtu.

Mwalimu hakujua lolote la mila yetu. Alimwona akasema, "Mzee, mbona unasomea kwenye umande? Ingia, nafasi ipo."

Shemeji hakusogea. Ila sisi, kama vile tumeambiwa kuna nyoka, tulisimama wote na kuelekea mlangoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Akiingia yeye tunatoka sisi, mwalimu," alisema dereva mmoja, mtu mnene mwenye heshima. Akamweleza sababu, kwa ufupi, huku shemeji akisikia kila neno.

"Lakini ninyi si Wakristo?"

"Jumapili, mwalimu. Leo ni Jumanne."

Mwalimu alitutazama. Kisha akaivuta meza yake mpaka karibu na dirisha, akafundisha kwa sauti ya kuwafikia watu wawili: sisi, na jiwe.

Muhtasari ulisema mvutano wa dunia. Jiwe huanguka, na kadhalika. Lakini mwalimu alikuwa na jarida la kizungu alilolipata kwa mama muuza maandazi, ambaye alikuwa anafungia maandazi yake kurasa za majarida yaliyotupwa na wataalamu wa kigeni. Mafuta yalikuwa yamekula nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ilimnyima usingizi. Ndipo tulipoambiwa habari za shimo jeusi. Kwamba nyota kubwa ikiishiwa moto hujiangukia yenyewe, ikajikunja na kujikunja mpaka mvutano wake unakuwa mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Kwamba kuna mpaka kulizunguka, hauna ukuta wala uzio, na aliyeupita harudi, hata awe na nguvu gani.

"Kama ngano," mpishi alisema kabla hajafikiri.

Karabai ilivuma. Hakuna aliyetazama dirishani.

Sauti ikatoka kwenye jiwe. "Mwalimu. Huyo anayeanguka humo. Sisi tulio mbali tunamwonaje?"

Mwalimu alifurahi. Ualimu ni kazi ya njaa. Swali moja zuri ni sawa na kitoweo. "Hilo ndilo la ajabu, mzee. Karibu na shimo muda wenyewe unakwenda polepole. Yeye mwenyewe anaanguka, anapita, kwake yamekwisha. Lakini sisi tulio mbali tunamwona akipunguza mwendo, akipunguza, anakuwa mwekundu, anafifia, na hapo kwenye mpaka ni kama anasimama. Hatumwoni akipita."

"Hatumwoni akimaliza."

"Hatumwoni akimaliza kamwe."

Nilipotoka shemeji alikuwa ameshaondoka, na jiwe, nililigusa kwa upumbavu wangu, lilikuwa bado na joto.

Wiki iliyofuata lilikuja jingine. Mwalimu alisema mashimo hayo hayatulii. Nyota iliyokuwa ikizunguka, ikijikunja huzunguka kwa kasi zaidi. Na shimo likizunguka haliburuti vitu tu, linaburuta mahali penyewe. "Koroga uji," alisema. "Mdudu aliyetua juu ya uji anaweza kukaza miguu yake yote sita, atazungushwa tu, kwa sababu si yeye anayekwenda, ni uji." Halafu akashusha sauti kama anayetaka kutuuzia kitu cha magendo. Hesabu za shimo linalozunguka, alisema, zina njia ndani kabisa, njia ya kuzunguka, ambayo mtu akiifuata anaikuta jana yake.

"Jana ipi?" aliuliza dereva mnene. "Jana nilikuwa Katesh, mwalimu, na sitaki kuonekana nilikokuwa."

Tulicheka mpaka mhudumu wa zahanati akakohoa. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema nikiipata njia hiyo nitarudi kwenye harusi yangu nile tena ile nyama. Kicheko kilipokwisha, sauti ya nje ikauliza, kwa upole kabisa:

"Jana yoyote, mwalimu?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

Nilitembea naye usiku ule, yeye upande wake wa njia na mimi wangu, upana wa ng'ombe kati yetu. Hakuwa mtu wa maneno. Njia nzima nilikuwa najaza mimi: nilimwambia kwamba kule kwa wataalamu wameshatuma panya akarudi na mkia mrefu zaidi. Aliniacha niishiwe.

"Mimi sitaki kwenda mbali," alisema. "Sitaki enzi za babu. Nataka dakika moja. Ile ya honi. Niinue macho badala ya kuyashusha."

"Shemeji, hiyo ni habari ya kwenye karatasi ya maandazi."

"Hesabu ni hesabu hata kwenye mafuta." Akatembea kidogo. "Na nimefikiri jingine. Sisi huku ng'ambo tuko mbali na watu. Tuko polepole. Kwetu bado hajamaliza. Tukitoka, tukinyolewa, tukawasha moto mpya, atakuwa amemaliza."



*

Mvua zikaja zikaisha. Wazee wakakaa, wakasema imetosha, nyumba ifunguliwe. Siku ikawekwa. Na shemeji akapeleka jibu kupitia kwangu kwamba anawashukuru, ila hayuko tayari.

Haikuwahi kutokea. Metimani ni kifungo. Nani amewahi kusikia mfungwa akikataa kufunguliwa? Mzee mmoja alinitazama kama vile mimi ndiye niliyetunga. "Umemtilia chumvi ujumbe," akaniambia. Nikaapa. Nilipoapa hawakuamini, na nawaelewa.

Mume akikataa, nyumba nzima inabaki. Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa, na hilo ndilo lililokuwa linamla dada yangu. Aliniita korongoni asubuhi moja. Hakuwa anacheka tena. Mtoto mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, na nilipomsalimia alijificha, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba watu husalimiana.

"Kaka," alisema, "huyu wa mgongoni ameanza kutambaa na hajawahi kubebwa na mtu zaidi yangu. Mbegu hakuna wa kunipa. Mbuzi wawili wamekufa, hakuna wa kuniambia ni ugonjwa gani. Nikimwambia mume wangu tutoke, ananiambia habari za nyota. Mwambie mwalimu wako aje amtoe kwenye hilo shimo alimomtia."

"Mwalimu hakumtia, dada."

"Basi aje aniambie aliyemtia."

Nilimweleza mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini, hakuiokota tena siku hiyo. Kesho yake mchana, jua likiwa juu, alikuja na makoti yake mawili akasimama nami kwenye kingo za korongo. Nilikuwa nimemwonya asivuke. Shemeji alishuka upande wake, akakaa kwenye jiwe, kama darasani. Dada alisimama juu, mlangoni, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwalimu wangu."

"Kuna kurasa sikuwasomea. Sikuwa nazo, nimezitafuta kwa mama wa maandazi, nimepata moja." Sauti yake haikuwa ya kufundisha. "Hesabu zinasema njia ipo. Lakini iko ndani, kupita mpaka, na kupita mpaka mwingine wa ndani yake. Na waliozifanya wanaogopa kwamba huko ndani hapatulii, kwamba chochote kinachoingia kinapavunja. Huenda njia hiyo haipo ila kwenye karatasi."

"Huenda."

"Huenda. Lakini hata ikiwepo, mzee. Hata mtu akiifuata, akaikuta jana yake. Hawezi kutoka nayo. Mlango wa kurudi huku kwetu haupo. Hawezi kuja kumwambia mtu inua macho. Hawezi kumwambia mtu lolote."

Shemeji aliokota jiwe dogo, akalizungusha kiganjani.

"Kwa hiyo aliyeko ndani anazunguka tu," alisema.

"Anazunguka."

"Na walioko nje hapati kuwasaidia."

"Hapati."

"Hata akiwashikilia wabaki naye."

"Hapo, mzee, sijui tunaongea habari gani."

"Ileile." Akageuza kichwa, akamtazama mke wake mlangoni. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma chumvi dukani: "Shemeji, waambie wazee siku yao ni nzuri. Waje wawatoe mama na watoto."

"Na wewe?"

"Wawatoe mama na watoto."

Wazee walikaa tena, wakakasirika, wakachoka. Hakuna kanuni iliyolijua jambo hilo, kwa hiyo wakatunga moja. Siku ile dada na watoto walinyolewa upande ule, wakaoga katika maji kidogo yaliyokuwa korongoni, wakapandishwa upande huu. Moto mpya uliwashwa kwangu, si kwao. Wanawake walimbeba mpwa wangu mmoja baada ya mwingine kama mzigo wa kugawana, naye akawapigia kelele wote, maana hakuwa amewahi kuona nyuso nyingi hivyo. Dada alishikana mikono na kila mtu. Alipomaliza alibaki amesimama na mkono umenyooshwa, kana kwamba kuna mmoja hajafika.

Ng'ambo, moto wa zamani haukuzimwa. Tuliuona moshi wake jioni.

Mwalimu aliomba uhamisho mwaka huohuo, akapewa. Mimi nilifanya mtihani nikafaulu; cheti kiko ukutani, na fizikia ndiyo alama yangu ya juu. Dada alijengewa nyumba jirani na yangu. Nilimsikia akiwaambia watoto baba yao yuko kazini.

Mashamba nayo yakafika mwisho wake. Matrekta yakasimama palepale yalipoishiwa mafuta, mapipa ya bati yakafunguliwa vipande vipande. Nusu ya mapaa unayoyaona kuelekea Katesh yaliwahi kulala na ngano. Hapo sikutia chumvi sana.

Nilipita korongoni mwaka jana, nikitoka kwa mpwa wangu, ambaye sasa ana watoto wake. Shemeji alikuwa amekaa nje, kichwa cheupe, nywele ambazo hazijanyolewa tangu siku ile zimemshuka mabegani. Nilisimama upande wangu.

"Shikamoo, shemeji."

Ilichukua muda. "Marahaba."

Nilikuwa na habari nyingi za kumpa na nyingine za kumtungia. Akaniwahi yeye.

"Huko bado wanavaa mabuti?"

"Shamba lilikufa, shemeji. Siku nyingi. Hata ghala halipo."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za wilaya nyingine. Alikuwa anaangalia chini, mbele ya miguu yake mitupu, mahali ambapo katambuga zingekaa.

"Huko," alisema. "Hapa bado ni asubuhi."